Mashine Ilikuwa Inangojea

Jumatatu ile kila mtu Lubumbashi alijua kwa nini mashine inakawia, isipokuwa Kapinga, ambaye ndiye aliyelipwa ili ajue. Mlinzi wa jengo alisema ni joto. Patron, mwenye kampuni, alisema ni wivu wa washindani. Mwanamke aliyeuza kadi za simu mlangoni alisema ni mvua, ingawa ilikuwa Agosti na tone la mwisho lilianguka Aprili. Na nyumbani, katika komini ya Kenya, mtaa wa papo hapo mjini, mumewe Donat naye alikuwa na maelezo yake. Aliyatoa akiwa wima, mkono kiunoni, kama mtu anayehutubia wafanyakazi wa reli.

"Ni bavivu. Bantu banakaa ku bureau, banakunywa kahawa, na mashine inalala. Njo vile."

Kapinga alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao. Aliupiga mwiko ukingoni mwa sufuria.

"Si weye nasemea," Donat akaongeza haraka. "Nasemea bale bengine."

"Kule tuko batatu, Papa Myriam. Patron, mulinzi, na miye," alisema Kapinga, akimwita kwa jina la binti yao kama kawaida.

Donat akafikiri. "Basi nasemea mulinzi."

Aliyesababisha hotuba hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Régine, mama yake Donat, alikuwa na sukari, na kidonda katika kidole kidogo cha mguu kilichokataa kupona. Toka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri alikaa kliniki akisubiri majibu ya damu yake. Zamani majibu yalikuwa kikaratasi. Mtu alikipokea, akakikunja, akakipeleka kwa daktari mlango wa pili. Sasa kliniki ilikuwa imeendelea. Majibu yalitoka maabara, yakasafiri hadi mjini kwenye mashine anayoitunza Kapinga, yakarudi kwa daktari mlango wa pili. Siku ile yalisafiri hayakurudi.

"Mademoiselle wa pale anasema système inazunguka," alisema Mama Régine. "Nilimuuliza, inazunguka wapi, miye niko nangojea hapa? Ananiambia, mama, dakika tano. Nilikula dakika tano yake mpaka saa tisa."

"Kesho naenda na weye miye mwenyewe," alisema Donat. "Batanijua."

Simu yake ikalia. Akaipokea na sauti yake ikabadilika, ikanenepa. "Oui, Président njo anasema. Jina yako iko mule. Iko, nakuambia. Site inakawia kidogo, si kwa sababu yetu. Ungojee, ufungue tena. Ufungue mara mingi."

Reli ilipompunguza kazini, Donat alibakiwa na cheo kimoja tu duniani: alikuwa président wa chama cha watoto wa Mitwaba, eneo la mababu zake, waishio Lubumbashi. Chama kilikuwa na mhuri, kofia ishirini, na tovuti aliyoijenga Donat mwenyewe kwa miezi mitano, kwenye kompyuta isiyo na kitufe cha herufi M. Akiihitaji M aliinakili kutoka kwenye neno lingine. Mtu asiyejua anaweza kucheka. Kapinga hakucheka; mwanzoni mwa mwaka ndiye aliyemtafutia nafasi ya kuiweka.

Alimpakulia mama mkwe, akaanza na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu bukari ilikuwa bado moto.

"Kwenu Kasai banajua masomo," alisema Mama Régine, akipokea sahani. "Sasa uifundishe ile mashine adabu."

*

Jumanne asubuhi Patron Lucien alimleta mtaalamu. Aliitwa Osée, alivaa tai ya rangi ya divai na viatu vyenye ncha, na alibeba mkoba ambao hakuufungua hata mara moja. Alisimama mbele ya mashine, sanduku la chuma lililonguruma katika chumba chenye kiyoyozi, akaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye haijulikani nani atamlipia.

"Iko na miaka ngapi?"

"Ine," alisema Kapinga.

"Voilà," alisema Osée.

"Voilà," akaitikia Patron Lucien, kama mtu katika misa.

Kisha Patron akaona kwamba mtaalamu amesimama. Ofisi ya mitambo ilikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa cha Kapinga. "Madame, mupatie ingénieur kiti."

Kapinga alitoa kiti. Kwa hiyo kilichofuata siku ile, na kilikuwa kirefu, alikifanya akiwa wima, ameinamia kibodi kama mwanamke anayefua.

Osée alinyoosha kidole kwenye kioo. Kulikuwa na nambari moja ya juu, ile inayoonyesha mzigo wa mashine, na ilikuwa sitini na nne. "Charge iko soixante-quatre. Mashine iko na mikono munane tu. Kazi soixante-quatre kwa mikono munane! Inachoka. Munatupa hii, munanunua ya mikono trente-deux, makumi tatu na mbili. Dola elfu kumi na ine, na miye naweza kubapatia adresse."

"Voilà," alisema Patron.

"Haichoke, Patron," alisema Kapinga. "Muangalie huku chini. Mikono munane, saba iko inakaa bure. Ile soixante-quatre si kazi yenye inafanyika. Ni kazi yenye iko ku file, inapanga mustari. Ni kama ku restaurant: mupishi anakunja mikono, moto unawaka, bateja banapiga meza, juu ule mwenye alitumwa ku depot kuleta unga hajarudia. Ukiongeza bapishi, bote batakunja mikono. Hii mashine haifanye kazi. Inangojea."

Patron Lucien alikuwa mtu mwenye simu tatu, na zote tatu zilikuwa zinalia, wateja waliokodi nafasi kwenye mashine: shule iliyoshindwa kuandikisha wanafunzi, makanisa mawili, famasi, na duka la majeneza ambalo wateja wake, kwa kweli, ndio pekee wasio na haraka.

"Madame Kapinga," alisema taratibu, "weye uko technicienne ao uko mupishi?"

Osée alicheka kicheko cha adabu, cha mtu ambaye hajalipwa bado.

"Nakupatia mpaka kesho, saa sita ya muchana," alisema Patron. "Kisha pale ingénieur atashika mahali yako, na weye utaenda kufungua restaurant."

*

Kuna watu ambao mashine ikikawia huizima na kuiwasha. Wengine hununua nyingine. Kapinga alikuwa na tabia mbaya ya kuiuliza.

Kwanza aliuliza kuhusu nakala za akiba, zile zinazotakiwa kufanyika alfajiri. Akakuta zinafanyika mchana kweupe, kwa sababu mtu fulani, jina lake Lucien, alitaka azione zikifanyika. Akazisimamisha. Nambari ikashuka kutoka sitini na nne hadi hamsini na tisa, ikapumua, ikapanda tena sitini na moja. Haikuwa hiyo. Ilikuwa kosa, lakini kosa dogo, na ofisi ile ilikuwa na mengi ya saizi hiyo.

Pili aliwatafuta wageni, yale maroboti ya ulimwenguni yanayopita usiku na mchana yakijaribu kila mlango. Yalikuwapo, kama nzi sokoni. Hayakutosha kuangusha meza.

Tatu aliangalia kumbukumbu ya mashine, na hapo akanyooka, akashika kiuno. Kumbukumbu ilikuwa imejaa hadi shingoni. Kila ilipohitaji nafasi, mashine ilichukua mzigo ikautupa kwenye diski, kisha ikauhitaji mzigo uleule, ikaurudisha, ikatoa mwingine. Siku nzima ilikuwa inahamisha viti kutoka sebuleni kwenda uani na kuvirudisha, huku wageni wamesimama mlangoni.

Nani basi alileta viti vingi hivyo?

Aliiamuru hazina ya data iandike kila swali linalochukua zaidi ya sekunde tano, pamoja na jina la mteja aliyeliuliza. Akasubiri dakika kumi. Osée, kwenye kiti, alikuwa anamweleza mtu kwa simu kwamba yuko katikati ya upasuaji mkubwa.

Orodha ikaja. Maswali mia nne na kumi na mawili. Mia tatu tisini na saba yalitoka kwa mteja mmoja, na jina la mteja huyo lilikuwa *kapinga*.

Alilisoma mara tatu. Kosa la macho halirudi mara tatu.

Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya nafasi moja ya bure kwenye mashine. Yake alimpa Donat kwa ajili ya chama. Wateja wote walikuwa na kipimo cha nguvu wasichoweza kukipita, ili mmoja asile sahani ya wenzake. Mwezi wa pili Donat alikuja jikoni akanung'unika: bibi yake wa ndoa anatumika kazi kule kwenyewe, na site ya bwana yake inatembea kama kinyonga, bantu batasema nini? Kapinga alikuwa amechoka. Akamwondolea kipimo, akasahau. Dakika moja ilitosha.

Sasa akafungua alichoandika mumewe na kukisoma mstari kwa mstari. Tovuti ilikuwa na majina elfu saba mia mbili na kumi na manne, ukoo juu ya ukoo, hadi kwa babu walioishi kabla ya reli. Uliandika majina mawili, nayo ikakuambia watu hao wanahusianaje. Jambo zuri, na watu walilipenda. Ila Donat hakujua njia fupi. Mtu akitaka kumjua binamu yake mmoja, Donat aliwaamsha marehemu wote wa Mitwaba, mmoja mmoja, akamuuliza kila mmoja baba yake ni nani, na yule baba akamuuliza wake, mpaka mwisho; kisha akaanza upya kwa jina la pili. Alipokuja mwingine mlangoni, marehemu waliamshwa tena.

Kwa watu ishirini kwa siku hakuna aliyeumia. Lakini wiki mbili hizi uvumi ulikuwa umeenea kwamba kuna kampuni itafungua mgodi karibu na Mitwaba, na itaajiri wale tu ambao majina yao yamo kwenye tovuti ya chama. Basi mamia ya watu wasio na kazi walikuwa wanaifungua toka asubuhi hadi jioni, kuhakikisha bado wamo, kana kwamba jina linaweza kutoka likaenda kulala kwingine. Na rais wao alikuwa anawashauri wafungue mara nyingi.

Simu ya Kapinga ikalia. Alikuwa Donat, na nyuma yake ukumbi mzima wa kliniki.

"Mama Myriam! Tokea saa moja tuko hapa! Docteur anasema hawezi kugusa mama kama haone sukari iko ngapi, na figo. Kidole inaanza kukuwa mweusi! Bintu yote iko mu mashine yenu!" Kisha pembeni, kwa mtu mwingine: "Weye mademoiselle, unaniangalia nini? Nitaandikia Ministre! Nani anaharibu hii système? Nataka jina yake!"

"Papa Myriam..."

"Nataka jina yake!"

Kapinga aliutazama mshale mdogo kwenye kioo. Ulikuwa juu ya neno *kapinga*.

"Ungojee dakika tano," alisema.

"Bote munasema dakika tano!"

Akabonyeza. Angetaka baadaye kusema kwamba alipima, kwamba aliwaza heshima ya mumewe na watu elfu saba. Hakuwaza chochote. Aliwaza kidole. Tovuti ya watoto wa Mitwaba ikafungwa, na nambari ya juu ikaanza kushuka: arobaini na mbili, kumi na tisa, saba. Ilipofika tatu, simu za Patron Lucien zilinyamaza moja baada ya nyingine, na ukimya wenyewe ndio uliomleta mbio.

"Imefanya nini?"

"Kulikuwa na kamba moja haikukaza," alisema Osée, akiinuka kwenye kiti. "Niliikaza."

"Ah! Ingénieur! Merci!"

Hapo Kapinga angeweza kunyamaza. Kazi ingebaki, au nusu yake. Tovuti ingekuwa siri ya nyumbani. Lakini kuna fedheha ambazo mtu hawezi kuzimeza hata akipewa maji. Alikuwa tayari kuwa mkosaji. Hakuwa tayari kukubali kwamba ilikuwa kamba.

"Haikuwa kamba, Patron. Ilikuwa compte moja, inauliza maswali mingi, ilijaza mémoire. Nimeifunga. Limite yake iliondolewa."

"Nani aliondoa?"

"Miye."

"Compte ya nani?"

"Yangu. Site ya bwana yangu."

Patron Lucien alifunga macho kama anayesali. Alipoyafungua alikuwa amepata alichokiomba: mkosaji wa kuwaonyesha wateja. Barua ya onyo ingeandikwa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo Madame Kapinga angekuwa chini ya ingénieur Osée, na asiguse kitu bila ruhusa yake.

Kiti hakikurudi.

*

Mama Régine alipasuliwa alasiri ileile. Kidole kidogo kilikatwa. Daktari, mtu mwenye upole wa kuchoka, alieleza kwamba Jumatatu pengine wangeosha tu kidonda na kukifunga. Na pengine hapana. Hakuna mtu angeweza kujua. Alisema hivyo kumfariji Donat, na kwa muda ilifanya kazi.

Jumatano jioni walimrudisha nyumbani. Jirani watano walikuja kumpa pole, na Donat aliwasimulia akiwa wima.

"Nilipiga makelele, bandugu! Nikasema nataka jina yake! Ndani ya dakika kumi, tak, système ikafunguka. Hii inchi, kama hupigi makelele, unakufa ukikaa ku banc."

Jirani walikubali. Mmoja alisema huyo ndiye président wanayemhitaji hata kwenye mtaa. Walipoondoka, Donat alikaa, akatoa simu, uso ukabadilika.

"Mama Myriam, ile site yetu haifunguke tokea jana. Bantu banaua simu yangu. Na Mwaba, makamu yangu, anaanza kusema miye njo nimekimbia na majina. Umuambie Patron yako..."

"Si Patron. Niliifunga miye."

Alimweleza. Hakutumia mfano wa restaurant; alimwambia kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi, kumbukumbu, maswali, diski. Kwanza Donat alicheka. Kisha akaacha kucheka, lakini mdomo ukabaki wazi kidogo, umesahauliwa.

"Ile ya kliniki nayo?"

"Yote iko mu mashine moja."

"Basi unasema..." Alitazama kitandani, blanketi lilipoinuka juu ya bandeji. "Unasema miye njo nilikatisha mama yangu kidole."

"Nasema limite niliitoa miye. Ungekuwa na limite, ungejikawisha peke yako. Tuko babili."

"Hapana, miye njo niliandika mubaya."

"Na miye sikusoma mbele ya kukupatia nafasi. Miye njo wa kazi."

"Mutaacha kugombania kidole yangu?" alisema Mama Régine. Walidhani amelala. "Ilikuwa moja tu. Haitoshe bantu babili."

Hakuna aliyecheka, ingawa alingoja wacheke. Baadaye Kapinga aliuliza swali alilokuwa nalo toka jana, akiliuliza huku anakunja nguo ili asimtazame.

"Ile kazi ya mgodi. Nani aliandika kama ni site njo itaonyesha bantu?"

"Si miye. Nakuapia. Bantu tu banasema."

"Na ulibaambia hapana?"

Donat aligeuza simu mkononi, uso chini, uso juu.

"Tokea reli ilinitoa," alisema mwisho, "hakuna muntu alikuwa ananipigia simu. Sasa kila asubui mara makumi inne. Président, Président." Akaigeuza simu tena, uso chini. "Sikubaambia ndiyo."

"Nilikuuliza kama ulibaambia hapana."

*

Alhamisi Patron Lucien alitia sahihi, na siku hiyohiyo mashine mpya ikaletwa ndani ya kreti kutoka kwenye ile adresse ya Osée. Kapinga alimkumbusha kwamba ya zamani sasa ina mzigo wa tatu, na mikono minane, na nafasi ya kutosha kwa miaka miwili. Patron akamjibu kwamba tayari amewatangazia wateja mashine mpya, na mtu mwenye heshima hatangazi kitu kisha akakosa kukihitaji. Alipigwa picha kando ya kreti, akiwa na Osée. Kapinga ndiye aliyepiga hiyo picha; waliomba aipige tena kwa sababu ya kwanza ilionyesha kivuli chake.

Ijumaa mteja mmoja alituma ujumbe wa shukrani: tangu mmebadilisha mashine, kila kitu kinakimbia. Kreti ilikuwa bado haijafunguliwa.

*

Jumapili baada ya misa chama kilikutana uani kwa Donat. Kwa kawaida walikuja watu kumi na tano. Siku hiyo walikuja zaidi ya sitini, na viti vya kukodi vikaisha, wengine wakakaa juu ya matofali. Wengi walikuwa vijana waliovaa mashati ya kwenda kuomba kazi, yaliyopigwa pasi hadi kwenye mikono. Mama Régine aliomba asogezwe karibu na dirisha.

Kapinga alikuwa mlangoni na sinia la bilauri za maji pale Mwaba, makamu wa rais, aliposimama. Mwaba alikuwa mtu wa sauti nzuri. Alipolalamika, hata asiyehusika alijisikia kaonewa.

"Président, tunataka kujua kintu moja. Site imekufa siku tano. Bantu ba kampuni batatufuta. Na tunasikia yule mwenye aliifunga iko humu ndani ya lupango, ku hii nyumba." Hakumtazama Kapinga. Alitazama sinia. "Si natukana muntu. Mais unachukua bintu ya Mitwaba, unaweka mu mikono ya Mukasai, ulikuwa unangojea nini?"

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi, kwani mjini hapo mtu wa Kasai huitwa mgeni hata akizaliwa hapo. Mtu nyuma akasema, "Njo ile." Mwingine akasema, "Bibi yake, ni kweli, anatumika kule."

Kapinga hakusogea. Alimtazama mumewe. Njia ilikuwa wazi mbele yake, pana, imefagiliwa: hakuhitaji hata kusema uongo. Kweli mkewe ndiye aliyefunga. Angetikisa kichwa tu kwa huzuni, na watu sitini wangemhurumia, wangebaki wake, na Jumatatu simu ingelia.

Donat aliinuka polepole hivi kwamba Mwaba alianza kuketi, akijua ameshinda.

"Bibi yangu alifunga," alisema Donat.

Minong'ono ikaanza tena.

"Mungojee. Alifunga juu ile site niliandika mubaya. Kila mara munaifungua, ilikuwa inakamata mashine ku shingo. Mashine yenye kliniki inatumia. Mama yangu alikaa ku banc siku mbili, banamukata kidole. Ku ile banc kulikuwa bengine bengi, sijue bale banakatwa nini." Aligeukia dirisha la mama yake. "Na nilikuwa pale, natukana bantu, naomba jina ya mwenye alifanya. Basi, jina ni miye."

"Na kazi?" kijana mmoja akauliza. "Orodha ya kampuni?"

"Hakuna orodha. Hakuna kampuni iliniandikia, wala kunipigia. Mulisema benyewe, na miye nikanyamaza, juu nilipenda kuitwa Président. Njo ukweli. Munisamehe."

Kelele zilizofuata hazihitaji kuandikwa. Aliyewahi kuwanyima watu tumaini anazijua. Kijana aliyeuliza alivua tai yake pale pale, akaikunja polepole, akaiweka mfukoni, na Donat aliona hilo kuliko matusi yote. Kisha Mwaba, kwa sauti yake nzuri, akasema kwamba yeye anaye shemeji anayefahamiana na dereva wa kampuni hiyohiyo, na kwamba orodha ipo, ila haikuwekwa mikononi mwa mtu sahihi. Walimchagua rais kwa kupiga makofi. Haikuchukua dakika tano. Walitoka naye barabarani wakiimba, na mhuri, na kofia.

Uani vilibaki viti na Donat. Kapinga aliweka sinia chini, akaanza kuvipanga. Baada ya viti vitatu mumewe akaja upande wa pili, wakavibeba pamoja.

"Ungeacha tu baseme ni miye," Kapinga alisema mwishowe. "Nimezoea. Mujini kote banasema ni miye."

"Njo sababu," alisema Donat.

Kutoka dirishani Mama Régine akapaza sauti: "Huyu Mwaba, site anajua kuandika?"

"Hapana, Mama."

"Basi bantu ba zamani batapumzika."

Safari hii Donat alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza mahali fulani. Alifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani, akatoka na kompyuta yake, akaiweka juu ya kiti cha mwisho kilichokuwa hakijapangwa.

"Unifundishe," alisema. "Vile ya kuuliza mara moja tu, na kuweka jibu."

"Leo? Hauko Président tena. Haina tena kazi na weye."

"Najua."

Kapinga alimtazama, kisha akakaa juu ya tofali kando yake. Viti vingine vilikuwa vimeshapangwa, naye hakuchukua hata kimoja. Alimweleza mara moja, polepole, akichora mchangani kwa kijiti. Donat akaanza kuandika kwa vidole viwili, akinakili M zake kutoka mahali pengine. Katika mstari wa pili alikosea. Kapinga aliliona kosa palepale, likang'aa kama jiwe kwenye mchele, na mkono wake ukainuka wenyewe kwenda kwenye kibodi. Akaurudisha mapajani.

Donat aliandika mstari wa tatu. Wa nne. Akaacha kuandika, akarudi juu hadi mstari wa pili, midomo ikitembea.

"Ee," alisema. "Hapana. Hapa."

Akafuta, akaandika tena.